Siku ya Tatu Mpeni Jembe

Nasema mapema, ili anayetaka kununa aanze kununa sasa: mtu anayekuja "kukaa" mtaani kwetu wiki sita, akalala kwenye nyumba yenye feni na mlinzi upande wa pili wa mji, akaletwa na gari asubuhi na kurudishwa jioni, huyo hakukaa. Alitembea tu. Na maonyesho atakayoyaandaa mwisho wa wiki hizo sita, hata yakipewa jina la Kiswahili lenye neno "jamii" ndani yake, ni albamu ya safari yake. Sisi humo ni mandhari.

Najua nimegusa pabaya. Siku hizi ukitaka uonekane mkorofi, wewe isemee vibaya sanaa ya jamii. Kila mfadhili anaitaja, kila fomu ya maombi ina mahali pake, na sisi vijana tunaosaka riziki kwa kalamu na brashi tumejifunza kuliandika neno hilo hata usingizini. Lakini nani atasema kama si sisi? Wenye mshiko hawatasema. Wanaoomba mshiko hawathubutu. Mimi nimeishia kidato cha nne, naandika riwaya ambayo haijapata mchapishaji, sina cheo cha kunyang'anywa. Basi niacheni niseme.

Kwa wale ambao mambo haya hayajawafikia: kuna kitu kinaitwa ukaazi. Taasisi fulani, aghalabu kwa fedha za ubalozi au za mfuko wa nje, humwita msanii au mwandaaji wa maonyesho aje akae mahali kwa muda, wiki kadhaa au miezi kadhaa. Hupewa pa kulala, nauli, posho na chumba cha kufanyia kazi. Hawa waandaaji wenyewe hupenda kuitwa makyureta. Kazi ya kyureta haimtaki achore. Kazi yake ni kuchagua: cha nani kitundikwe na cha nani kibaki chini, kipi kikae jirani na kipi, ukutani paandikwe nini, mlango ufunguliwe saa ngapi, nani aalikwe. Ni kama mhariri wa jarida hili. Ninyi mnaoleta hadithi zenu hapa mnaijua nguvu ya mhariri. Kwa kalamu yake moja mtu anakuwa mwandishi au anabaki kuwa msomaji.

Sasa ukaazi ukiitwa wa kijamii, maana yake ni kwamba yule mwenye nguvu ya kuchagua analetwa akae na watu, ili maonyesho yatoke kwa watu hao. Wazo ni zuri. Mimi nalipenda. Ugomvi wangu ni kwamba anakuja na nguvu ile mfukoni, na anaondoka nayo mfukoni vile vile.

Mwaka juzi mmoja wao alikuja mtaani kwetu. Taasisi iliyomleta sitaitaja, maana ugonjwa huu si wa taasisi moja. Nikachukuliwa kuwa mkalimani, shilingi elfu kumi kwa siku, chakula juu yangu. Alikuwa mtu mwema, hilo lazima niseme. Alijifunza neno "shikamoo" akawa anawaamkia hata watoto wa chekechea. Akapiga picha, akarekodi sauti za wazee, akaomba vitu: kibao cha kinyozi chenye kichwa kilichochorwa kwa rangi ya mafuta, khanga iliyochakaa, jiko la mkaa la mama wa chapati. Watu wakatoa. Kwetu mgeni hanyimwi.

Maonyesho yakafunguliwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, mwendo wa daladala mbili kutoka kitaani, saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa kumi na mbili na nusu jioni mama anayekaanga samaki pale kwetu yuko mbele ya karai lake. Ndiyo saa ya biashara yake. Picha yake ilikuwa ukutani, kubwa kuliko mlango wa chumba alichopanga, na mpaka leo mwenyewe hajaiona. Chini yake palikuwa na maelezo ya Kiingereza, aya tatu. Nilizisoma zote. Zilizungumzia ustahimilivu wa wanawake wa mijini. Jina lake halikuwemo. Kinyozi naye alikifuatilia kibao chake mwezi mzima, na mwezi huo wateja wapya walipita bila kujua kama pale pananyolewa.

Hakuna aliyeiba kitu. Kila karatasi ilisainiwa, kila risiti ikatunzwa. Hapo ndipo penye ubaya wenyewe: kila kitu kilikwenda kwa utaratibu, na utaratibu ndio uliomwacha mama yule nje ya mlango.

Kuna watakaoniambia: wewe kijana una wivu, na bila hawa wageni sanaa ya uswahilini ingeonwa na nani? Jibu liko hapa hapa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa dari. Hakungoja kuitwa. Ukumbi wake ulikuwa ni kivuli cha mti huko Oysterbay, na waalikwa wake ni wapita njia. Alipouawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, ndugu na marafiki aliowafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao rasmi. Ni kweli wanunuzi wengi walikuwa wageni. Lakini aliyechora ndiye aliyetundika, na aliyetaka kujifunza alikaa pembeni ya anayejua akajifunza. Leo mtindo ule unaitwa kwa jina la mtu yule ulimwenguni kote.

Au mchukueni George Lilanga. Miaka ya mwanzo ya 1970 alipata kibarua Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa mwaka 1972. Kibarua chenyewe kilikuwa cha ulinzi. Mlinzi! Lakini mlinzi huyo alikuwa mchonga vinyago, na pale palikuwa na watu wenye macho. Kazi zake zikaonekana, lindo akaliacha, akawa msanii wa nyumba ile ile aliyokuwa akiilinda. Alipofariki mwaka 2005 jina lake lilikuwa limekwishafika Ulaya na Marekani. Basi nauliza: katika ukumbi ule wa kiyoyozi, kuna aliyemwuliza mlinzi wa mlangoni huwa anafanya nini akiwa nyumbani kwake?

Tusidhani lakini kwamba ugonjwa huu ni wa Bongo tu, au kwamba dawa yake haijulikani. Inajulikana zamani, tena huko huko ng'ambo zinakotoka fomu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Houston, Texas, alikuwapo mchoraji Mmarekani mweusi aitwaye Rick Lowe. Alikuwa akitengeneza kazi kubwa kubwa za kuonyesha shida na dhuluma zinazowapata watu wake. Siku moja kundi la wanafunzi wa sekondari likamtembelea mahali pake pa kazi. Mmoja wao akamwambia maneno ambayo maana yake ni hii: hizi shida unazotuonyesha tunazijua, ndizo tunazoishi nazo, ikiwa wewe ni msanii na ni mbunifu, kwa nini usibuni dawa yake? Mtoto wa shule huyo, jamani. Swali lile lilimkaa Lowe kichwani. Mwaka 1993 yeye na wasanii wenzake sita wakaanza kuvikarabati vijumba 22 vilivyotelekezwa katika Third Ward, mtaa wa watu weusi. Vilikuwa vijumba vyembamba, chumba nyuma ya chumba, mlango wa mbele unatazamana na wa uani. Mradi ukaitwa Project Row Houses.

Baadhi ya vijumba wakapewa wasanii kwa zamu, waje watengeneze na kuonyesha kazi zao humo humo. Vingine, kuanzia mwaka 1996, vikawa makazi ya akina mama vijana wanaolea watoto peke yao huku wakisoma. Lifikirini hilo taratibu. Pale neno "mkaazi" lina watu wa namna mbili, na wote wanalala mtaa mmoja. Msanii akitoka nje asubuhi anakutana na mtoto anayekwenda shule, sio na dereva aliyetumwa kumchukua. Hawezi kumwita yule mtoto "jamii". Ni jirani yake, ana jina, na kesho atakutana naye tena. Sisemi mradi ule umemaliza matatizo ya mtaa ule. Bei za nyumba zimepanda hata huko, na hakuna picha inayoweza kumzuia peke yake mwenye fedha anayetaka kiwanja. Lakini zaidi ya miaka 30 imepita na mradi bado uko pale pale ulipoanzia. Wiki sita zetu ziko wapi?

Tuje karibu na nyumbani, Nairobi. Kule Mukuru, mtaa wa mabati ulio kando ya viwanda, vijana wa hapo hapo walianzisha Wajukuu Art Project mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wanafanya sanaa na wanafundisha watoto wa mtaa. Hakuna aliyewapa ukaazi Mukuru. Mukuru ni kwao. Mwaka 2022 wakaalikwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta ya 15, maonyesho yaliyoanzishwa mwaka 1955 na ambayo wenye sanaa duniani huyahesabu miongoni mwa makubwa kabisa. Waandaaji wa safari ile walikuwa ruangrupa, kundi la wasanii kutoka Jakarta, nao walikuja na neno la kwao, lumbung: ghala la mpunga la kijiji, ambamo kila mmoja huweka ziada yake na wote wakaamua pamoja itumikeje. Wajukuu wakauvisha mabati mlango wa moja ya kumbi kuu za Kassel, hivi kwamba mgeni na suti yake alilazimika kupita kwenye kichochoro cha giza kama anaingia mtaani kwao. Mwaka ule ule wakatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode.

Maonyesho yale hayakuwa ya malaika watupu. Bango la kundi jingine lilikuwa na michoro ya kuwadhalilisha Wayahudi, likaondolewa siku chache baada ya ufunguzi, na lilistahili kuondolewa. Nalitaja makusudi, asije mtu akadhani nasema kila kinachotoka kwa wengi ni kitakatifu. Ghala la pamoja nalo linataka watu wa kuwajibika mlangoni. Ninachosema ni kwamba watu wa Mukuru walikwenda Kassel wakiwa waandaaji wa mambo yao wenyewe. Hawakupelekwa wakiwa picha iliyopigwa na mwingine.

Na Kampala? Kituo cha 32° East, ambacho nacho hutoa ukaazi kwa wasanii, kiliandaa tamasha la KLA ART mwaka 2012 kwa kuweka makontena mjini yawe kumbi za maonyesho. Mwaka 2014 wasanii wakageukia bodaboda. Bodaboda, bwana! Kumbi zikapata magurudumu zikawafuata watu sokoni na stendi. Mama wa samaki angekuwa Kampala mwaka ule, maonyesho yangempita mbele ya karai lake, na pengine yangesimama kununua.

Sasa wataniambia wasomi: kijana, kuandaa maonyesho ni taaluma. Kuna mambo ya mwanga, unyevunyevu, kumbukumbu, bima, usafirishaji. Utawaachiaje watu wa mtaani? Nakubali, taaluma ipo, tena ni ngumu. Ndiyo maana nataka ifundishwe. Fundi mwashi akija kujenga kwako anakuja na saidia fundi, na saidia fundi wa leo ndiye fundi wa kesho. Mbona kyureta huja na mkalimani tu? Angalau Nafasi Art Space hapa Dar, iliyoanza mwaka 2008 na inayofanya kazi zake ndani ya makontena kule Mikocheni, iliona umuhimu wa kuwa na chuo chake, nacho kikaanza mwaka 2020. Hayo ndiyo maneno. Lakini chuo kimoja hakitoshi mji wa mamilioni ya watu, na mtaa unaotumika kama darasa unapaswa nao utoe wanafunzi.

Wapo pia wanaosema watu wetu hawapendi sanaa, ndiyo maana maonyesho hupelekwa mjini. Hii ndiyo kasumba inayoniudhi kuliko zote. Mtaa unaoweza kugombana wiki nzima kwa sababu ya maneno ya khanga moja haupendi sanaa? Watu wanaochagua daladala kwa michoro yake na kinyozi kwa kibao chake hawana macho? Watu wetu wanapenda sanaa. Wasichopenda ni kuvaa nguo za Idi, kulipa nauli mbili na kufunga biashara ili wakasome Kiingereza ukutani.

Wahenga walilimaliza hili zamani: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mfukuze. Walisema mpe kazi ya nyumba, ili aache kuwa mgeni. Sisi tumewalisha hawa wageni pilau hadi siku ya arobaini na mbili, halafu tukawasindikiza uwanja wa ndege. Jembe lenyewe ni hili.

Kwanza, alale mtaani. Vyumba vya kupanga vipo, na kodi ile itamfaa mama mwenye nyumba kuliko hoteli. Akisikia redio ya jirani saa kumi na moja alfajiri na akapanga foleni ya maji, mengi aliyotaka kuyaandika atayafuta mwenyewe.

Pili, asichague peke yake. Wakae watu wa mtaa mezani, nusu kwa nusu, na walipwe posho ya siku ile ile anayolipwa yeye. Ukiona mtu analipwa elfu kumi na mwenzake analipwa kwa dola kwa kikao kile kile, usiniambie habari za ushirikishwaji.

Tatu, ukutani Kiswahili kitangulie, kwa herufi kubwa. Na kila aliyepigwa picha aandikwe jina lake analolitaka, kama anavyoandikwa mpiga picha.

Nne, maonyesho yafunguliwe mtaani kwanza: darasa la shule ya msingi wakati wa likizo, uwanja wa mpira, kibaraza cha ofisi ya serikali ya mtaa. Saa ya kufungua waulizwe wenye biashara. Yakishaonwa na wenyewe, ndipo yapande daladala kwenda mjini.

Tano, kitakachobaki kijulikane kabla hajafika. Nakala za picha na za sauti za wazee zibaki mtaani, si kwenye kompyuta ya mtu aliyeko ng'ambo. Vitu vilivyoazimwa virudi kwa tarehe. Na hesabu ya fedha isomwe hadharani, kama tunavyosoma michango ya msiba: fulani kaleta kiasi gani, sanda kiasi gani, kilichobaki kiko kwa nani. Mtaa unaoweza kusoma hesabu ya msiba mbele ya wafiwa unaweza kusikia hesabu ya maonyesho.

Haya yote hayadai mfuko uongezwe hata senti. Hoteli, dereva, kiyoyozi na vitafunio vya ufunguzi ni fedha. Zihamisheni tu.

Nawageukia sasa ninyi masela wa kalamu, maana najua mnajiuliza mambo ya picha yanawahusu nini. Yanawahusu. Yale maelezo ya ukutani ni maandishi, na huenda yakasomwa na watu wengi kuliko riwaya yangu na yako tukiziweka pamoja. Nani ayaandike kama si kijana anayeujua mtaa, anayejua kwamba yule mama haiti kazi yake ustahimilivu, anaiita biashara, na anajua bei ya mafuta ya kula ilivyokuwa jana na ilivyo leo? Wakija tena kutafuta mkalimani, waambieni ukalimani mtaufanya, lakini na uandishi pia, kwa jina lenu na kwa malipo ya mwandishi. Mkiona wameandika "jamii" mahali palipotakiwa jina la mtu, kateni mweke jina. Na yule kati yenu atakayepata bahati ya kuitwa kwenye ukaazi, iwe Kassel, iwe Kampala, iwe mtaa wa jirani, akumbuke kuomba jembe mwenyewe bila kungoja kupewa.

Wengine wataona naomba makuu. Lakini mtoto mmoja wa sekondari aliuliza swali moja Houston, na vijumba 22 vikapata watu. Sisi tuko wengi, na maswali tunayo.

Mgeni tumempokea vizuri. Amekula, amelala, amepiga picha. Leo ni siku ya tatu, jua limepanda, na jembe lile pale limeegemea ukuta.